Kesi ya Siwatu Aliyemtangulia Mbu

Katika nchi ya Ng'endeni mgeni haulizwi ametoka wapi wala amebeba nini. Huulizwa amependezwa na kipi. Karani hukaa mpakani, nusu majini nusu nje, na jani pana la yungiyungi mbele yake, na mgeni haruhusiwi kupita kabla hajasifia kitu. Wenyeji wanasema hiyo ni adabu. Sifa hiyo huandikwa, hupigwa muhuri, na tangu hapo inahesabiwa kuwa ushahidi wa kiapo, kwa sababu, wanavyosema wao, mgeni hana sababu ya kudanganya.

Sengondo, aliyekuwa mpima ardhi kwa miaka thelathini, hakujua hilo la kiapo. Alijua tu kwamba yu hai, na kwamba alikuwa na sababu nzuri ya kushukuru. Muda mfupi kabla ya kumfikia karani, mbu wa nchi ile, mwenye ukubwa wa jogoo, alikuwa amemlenga shingoni. Sengondo alisikia mlio, akageuka, akauona mrija wa mdomo, akajua ameshachelewa. Hapohapo, kati ya mrija na shingo yake, pakawa na mtu. Hakumwona akija. Alikuwa kereng'ende wa kike, mrefu kama mlango, miguu yake sita imekutana chini ya kifua ikawa kama kikapu, na ndani ya kikapu yumo mbu. Alimla palepale angani bila kutua, akadondosha mabawa yasiyolika, akaenda zake.

“Nimependezwa na yule mwindaji,” Sengondo alimwambia karani. “Mbu hajafika, yeye ameshafika.”

“Ameshafika?” Karani aliacha kuandika. “Kabla ya mbu?”

“Kabla kabisa! Kama aliyekuwa akimngoja.”

Karani aliandika neno kwa neno. Akamshukuru sana, akasema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone,” akamfungulia njia. Kesho yake asubuhi Siwatu binti Machano, mwindaji, akakamatwa kwa kosa la kula njama na mbu.

Ili kosa hilo lieleweke, lazima kwanza ijulikane ni nani anayetunga sheria Ng'endeni. Kereng'ende wote huzaliwa majini. Huko huishi miaka kadhaa bila kuruka, wakitambaa kwenye tope, na mabawa yao yamefungwa mgongoni ndani ya vifuko vidogo. Siku ikifika, kila mmoja hupanda utete hadi juu ya maji. Ngozi ya mgongo hupasuka, naye hutoka laini na amekunjamana, hujinyoosha juani mpaka akauke, kisha huruka na harudi tena chini. Ndivyo walivyoumbwa. Lakini wapo wachache wanaoikataa siku hiyo. Hushikilia mizizi na kubaki, na hao ndio Baraza.

Wanayo hoja yao, na si hoja ya kuchekwa haraka. Anayeruka, wanasema, ana maslahi hewani, kwa hiyo hawezi kuitungia hewa sheria bila upendeleo. Asiyeruka hana upande. Wanaoruka walipolalamika zamani, walialikwa kuja kujieleza mbele ya kikao, chini ya maji, mahali ambapo mwenye mabawa akiingia anazama. Hakuja hata mmoja. Asiyekuwapo na lake halipo, Baraza likasema, likaendelea na kazi.

Sengondo alihudhuria kikao kimoja akiwa amelala kifudifudi ukingoni, uso ukigusa maji. Aliona kwamba wajumbe wana mdomo wa chini mrefu ajabu, uliokunjwa chini ya uso kama mkono uliovunjika ukafungwa kitambaa shingoni. Ukifyatuka hunasa samaki mdogo kabla hajashtuka. Barazani hutumika kuombea nafasi: mjumbe humnasa anayezungumza, humvuta chini, kisha huanza yeye. Mjumbe akikasirika na kutoka nje, hujisukuma kwa kufyatua maji kwa nyuma, ndizo mbio zao, na waliobaki husimamisha mjadala hadi tope litulie. Makofi hawana. Wakifurahi hutoa mapovu.

Kwa kuwa hawajawahi kuruka, walikuwa wamefikiri sana jinsi kuruka kunavyopaswa kuwa. Kifungu cha tatu cha Sheria ya Hewa kinasema mwindaji atakuwa nyuma ya windo wakati wote, kwa kuwa kufuata ni bidii na kutangulia ni hila. Serikali ina Kikosi cha Wafuataji, kereng'ende ishirini waliofuzu, ambao kwa miaka kumi na miwili wamewafuata mbu kwa nyuma bila kukamata hata mmoja. Ripoti zao hupokelewa kwa mapovu mengi. Mbu haumi chini ya maji, kwa hiyo Baraza halikuwa na haraka.

Siwatu alikuwa amefungwa juu ya utete uliosimama peke yake, mabawa yake manne yamezungushiwa uzi wa buibui. Sengondo alimwendea na kofia mkononi. Alikuwa ametunga maneno njiani, lakini alipomwona yote yalimtoka.

“Wewe ndiye uliyesema nilikuwa nikimngoja?” aliuliza Siwatu.

“Nilikuwa nakusifia, Bi Siwatu.”

“Nimeambiwa. Ulisifia vizuri.”

Macho yake mawili yalikuwa makubwa kiasi cha kukutana utosini, kila moja limejengwa kwa vidirisha maelfu kwa maelfu, na uso ulikuwa umepewa nafasi ndogo iliyobaki. Sengondo, kwa aibu, alihamia kushoto, akahamia kulia, akaenda mpaka nyuma ya utete.

“Hata huko nakuona,” alisema Siwatu. “Kaa tu, mgeni. Unanichosha.”

Akakaa. Alimuuliza watamfanya nini, naye akajibu kama anayezungumzia hali ya hewa. Watamshona. Bawa la mbele litashonwa na la nyuma, kila upande, ili yapige pamoja kama ya kipepeo. Aliyeshonwa huweza kuruka, lakini hawezi kuelea mahali pamoja, hawezi kurudi kinyumenyume, hawezi kukata kona ghafla. Huishi siku tatu, wakati mwingine nne.

Sengondo aliikunja kofia yake mkononi. Ulimi uliponza kichwa, wahenga walisema, ila hawakusema kama kichwa chenyewe kinaweza kuwa cha mtu mwingine, tena aliyekuokoa jana yake.

“Hebu nieleze unavyowinda,” alisema. “Labda nikielewa nitaweza kukutetea.”

Haikuwa kawaida kwa Siwatu kuulizwa jambo hilo na mtu aliyetaka kujua kweli. “Sifuati mbu aliko,” alisema. “Akishapita pale, pana faida gani? Nachagua njia yangu hivi kwamba nikiwa naenda, yeye haondoki mahali pake machoni pangu. Haendi kushoto, haendi kulia. Anakua tu. Akipinda, nami napinda, ili abaki palepale. Akishakua vya kutosha nafunga miguu.”

“Pembe haibadiliki!” Sengondo alisimama. Alikuwa ameshika vyombo vya kupimia maisha yake yote, na hapo alisahau kwamba yuko gerezani kwa mtu. “Ukiona kitu kinasogea nawe unasogea, na pembe kati yenu haibadiliki, lazima mkutane. Ni hesabu tupu! Mtoto wa sekondari anaielewa. Nitawaeleza.”

“Usiwaeleze.”

“Na katika ishirini, unakosa wangapi?”

“Mmoja.” Siwatu aligeuza kichwa, ambacho kwao huzunguka kama kimewekwa juu ya sindano. “Huyo mmoja huniuma mpaka jioni.”

Sheria inataka mshtakiwa aje mbele ya Baraza kwa miguu, kuonyesha unyenyekevu. Miguu ya kereng'ende imeota yote mbele, karibu na kichwa. Ni mizuri kwa kudaka na kuning'inia, lakini kwa kutembea haifai kitu. Hatua nane kutoka kwenye matete hadi ukingoni zilimchukua Siwatu asubuhi nzima. Alianguka kifudifudi mara tatu. Karani aliandika kwamba mshtakiwa amekataa kutembea kama watu, na kwamba kiburi chake kimeshuhudiwa na wote.

Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Vuai, aliyekaa majini muda mrefu kuliko mjumbe yeyote, hata mwani ulikuwa umemwota mgongoni. Chini ya mwani Sengondo aliviona vile vifuko vinne vya mabawa, havijafunguliwa, vimesinyaa pembeni. Mheshimiwa Vuai alikuwa na sauti ya upole, na upole wake ulikuwa wa kweli.

“Binti yangu,” alisema, “hakuna anayekuchukia hapa. Tunataka kuelewa tu. Katika mbu ishirini unakamata kumi na tisa. Je, ni kweli?”

“Kweli, Mheshimiwa.”

“Wafuataji wetu ni vijana hodari, wamesoma. Wao hawakamati. Mtu anaweza kubahatisha mara moja, mara mbili. Mara kumi na tisa, huko si kubahatisha. Ni ahadi.”

Mapovu yalipanda. Bi Mize, mjumbe wa upande wa kusini, alifyatua mdomo, akamnasa mwenyekiti kwa heshima, akamvuta chini, akachukua nafasi. “Mimi la mbu nawaachia ninyi,” alisema. “Linalonisumbua mimi ni hayo mabawa. Tumeambiwa la mbele linashuka wakati la nyuma linapanda. Kila moja na msuli wake, kila moja na lake! Nyumba gani hiyo? Mtu mwenye ugomvi mgongoni mwake mwenyewe atakosaje kuwa na njama? Nasema ashonwe, tena kwa faida yake. Umoja ni nguvu.”

Hapo Sengondo akaomba kusema, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa shahidi, akaruhusiwa. Siwatu alimtazama, kama alivyokuwa akimtazama wakati wote, na mpima ardhi akafanya lile aliloombwa asifanye. Alichora kwa kijiti kwenye tope. Huyu hapa mbu, huyu hapa mwindaji, huu mstari, hii pembe. Alieleza taratibu, kwa mifano, kama anavyoeleza mtu anayependa somo lake. Alimaliza kwa kusema, “Kwa hiyo, waheshimiwa, hakuna njama. Mbu anaruka kwa kasi yake, ila machoni pa Bi Siwatu ni kama ametulia.”

Sengondo alidhani wameelewa.

“Mbu anaruka,” alisema Mheshimiwa Vuai polepole, “lakini akimwona huyu, anatulia.”

“Machoni pake, Mheshimiwa. Machoni pake tu.”

“Kwa Wafuataji hatulii. Kwangu mimi hawezi kutulia. Kwa huyu ndiyo. Mgeni wetu, umetusaidia sana. Sisi tulikuwa na shaka kidogo kuhusu ile ahadi. Kumbe wanajuana hadi kutuliana.”

Mapovu yalikuwa mengi kiasi kwamba maji yalionekana kuchemka. Sengondo alikaa chini. Katika miaka thelathini alikuwa amegombana na wenye mashamba, na machifu, na hata na mto mmoja uliohama usiku kucha, lakini hakuwahi kushindwa na mstari wake mwenyewe.

Baraza, hata hivyo, si katili, na mwenyekiti alitaka hilo lijulikane. Aliamuru lifanyike jaribio. Mbu angeachiliwa juu ya bwawa, na Siwatu amfuate kwa mujibu wa kifungu cha tatu, mizunguko mitatu. Akibaki nyuma mwanzo hadi mwisho, itaonekana hana mapatano naye, na ataachiwa huru.

“Na nikimkamata?” aliuliza Siwatu.

“Mwindaji mwaminifu hakamati, binti yangu,” alisema Mheshimiwa Vuai. “Hilo lisikutie wasiwasi.”

Wakamfungua uzi. Saa ilikuwa ya mchana, jua limekaza. Siwatu alipanda, akaelea mahali pamoja mpaka mabawa yote manne yaamke, akarudi kinyumenyume akajiweka nyuma ya mbu. Wajumbe walinung'unikia kule kurudi nyuma, lakini sheria ilikuwa haijakutaja, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kunawezekana. Kisha mbu akaachiliwa.

Lilikuwa jambo baya kutazama. Mbu alipinda kizembe, akaacha upande wake wote wazi, na Siwatu akapita nje ya kona kama asiyeona. Mbu akapunguza mwendo, naye akapunguza. Mbu yule, kwa kweli, hata mzee mwenye fimbo angempata. Wafuataji ishirini walimfuata Siwatu kwa nyuma, wakitazama mgongo wake kama kanuni inavyotaka, na mmoja wao alisikika akisema kwamba yule mama ana kipaji. Sengondo alijisikia vibaya kama mtu anayemtazama fundi hodari akilazimishwa kujigonga kidole kwa nyundo mbele ya watu.

Halafu akasikia milio mingine. Katika nchi ile nzima yeye peke yake ndiye aliyekuwa na damu ya moto, na mbu wa matete walikuwa wamelijua hilo tangu asubuhi. Wa kwanza alitokea kushoto. Sengondo alifungua kinywa kupiga kelele, akakumbuka kwamba kila neno lake huandikwa, akakifunga. Siwatu alikuwa anapita upande ule, penye kivuli cha matete, mahali ambapo aliye chini ya maji haoni kitu. Aliinama ubavu kidogo. Miguu ikakutana. Alikuwa ameshanyooka tena nyuma ya mbu wa serikali, umbali uleule, na kushoto kwa Sengondo hapakuwa tena na mlio. Taya za Siwatu zilikuwa zinatafuna.

Katika mzunguko wa pili alichukua wawili, mmoja kwa kwenda chini, mwingine kwa kupanda. Wafuataji hawakuona, maana wao walikuwa wakiangalia mgongo, na mgongo haukutoka kwenye mstari kwa muda wa kutosha hata mtu kusema ah. Mzunguko wa tatu ulipoisha, mbu wa serikali alitua juu ya utete mbele ya mwenyekiti, mzima, amechoka kidogo tu. Siwatu akatua nyuma yake. Bwawa lote lilijaa mapovu.

Kulikuwa kumebaki jambo moja. Hukumu Ng'endeni haitolewi mpaka mgeni, kama yupo, aulizwe. Karani alitandaza jani jipya. Mheshimiwa Vuai aliinua uso hadi chini tu ya ngozi ya maji, karibu kutoka, asitoke.

“Mgeni wetu, wewe ulikuwa nchi kavu, ulikuwa na nafasi nzuri kuliko sisi. Umependezwa na kipi?”

Sengondo aliwahi kupima upya mlima mzima kwa sababu ya hatua moja ambayo haikumkaa vizuri. Hakuwahi kuandika kipimo ambacho hakukichukua. Alijua vilevile, kwa kuwa alikuwa amejaribu siku ileile, kwamba kweli yake ikiingia katika maji yale hutoka ikiwa kitu kingine. Alifuta mikono kwenye suruali.

“Nimependezwa na jinsi alivyokosa,” alisema. “Alimfuata kwa nyuma mwanzo hadi mwisho. Hakukamata kitu.”

Karani akaandika, akapiga muhuri. Njia ya mwongo ni fupi, Sengondo alifundishwa utotoni, ila ile ilitosha kumfikisha Siwatu nje ya kesi. Aliachiwa huru palepale. Na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuonekana akikosa kwa unyoofu namna ile, Baraza lilimteua kwa kauli moja kuwa mkufunzi mkuu wa Kikosi cha Wafuataji.

Siwatu alimsindikiza Sengondo mpaka mpakani, yeye akiruka taratibu juu ya njia, mgeni akitembea.

“Utawafundisha nini?” Sengondo aliuliza.

“Kufuata kwa nyuma. Ndiyo kazi niliyopewa. Atakayetazama mgongo wangu atajifunza mgongo. Atakayetazama miguu, hilo ni lake.”

“Nisamehe kwa ile sifa ya kwanza.”

“Nimeshasamehe.” Alielea mbele yake, akamzuia njia, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa tulivu. “Lakini umewaambia sikukamata kitu. Imeandikwa. Watoto wangu watapanda matete, watakausha mabawa yao, watasomewa kwamba mama yao alizunguka bwawa mara tatu akakosa.”

“Ningesema nini, Bi Siwatu?”

“Hilohilo. Usingesema lingine.” Mabawa yalipiga kwa kasi, kila moja na lake. “Ila wewe uliona.”

“Niliona.”

“Wangapi?”

“Watatu.”

“Wanne,” alisema Siwatu. “Wa mwisho alikuwa shingoni kwako, ukapepesa macho.”

Sengondo alipeleka mkono nyuma ya shingo. Alikumbuka kitu kilichompitia pale, mzunguko wa tatu, naye akadhani ni upepo.

“Wanne,” alisema.

“Sema tena.”

Mpima ardhi alitazama huku na huku, akahakikisha hakuna karani karibu, akasema tena.